Kamera kwa Jina la Kaka

Muuzaji alimkabidhi kaka yangu kamera. Niliyeiomba ni mimi, mkono ulionyooka juu ya kaunta ulikuwa wangu, na pesa ya kuinunulia ilikuwa jasho langu, lakini aliipitisha mbele ya uso wangu akaitia mkononi mwa kaka. Akamwambia, "Ishike mwenyewe, kaka. Nzito, si mchezo." Kaka akaigeuza chini juu kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, akatikisa kichwa kwamba naam, ni nzito. Kaka yangu hajawahi kupiga picha ila kwa simu, na nyingi katika hizo watu hawana vichwa.

Miaka imepita, na nikikumbuka bado damu inanichemka.

Kazi yangu ni hina. Msimu wa watalii nakaa Kendwa karibu na mahoteli, nachora mikono na miguu ya wageni. Msimu wa harusi narudi mjini, napamba maharusi kwa hina na piko nyeusi. Ua ninaloinamia nusu siku nzima hudumu wiki mbili, kisha linafifia na maji ya kuoshea vyombo, na mimi sibaki na kitu cha kumwonyesha mtu. Hilo moja. La pili ni kwamba sherehe za wanawake kwetu haziingii mwanamme. Mpiga picha akiwa mwanamme, kazi yake inaishia mlangoni. Wapiga picha wanawake mjini walikuwa wachache, harusi zikigongana hawapatikani, na biharusi aliyepambwa tangu asubuhi huambulia picha za simu za mashoga zake, zenye ukungu, nusu uso kiza. Nikajiambia hapa pana kazi, na kazi hiyo naiweza.

Nikaanza kudunduliza. Pesa niliyoilenga ilikuwa ya kamera ya daraja la chini kabisa katika zile kubwa za kubadilisha lenzi, na sikuona haya kwa hilo. Wakati nadunduliza nikajifunza. Nilijifunzia kwenye simu, nikiwa nasubiri hina ya watu ikauke. Nikafahamu kwamba kamera za bei ya chini zinakaribiana sana, na ya miaka iliyopita inatoa picha ile ile ya hii mpya inayowekwa mbele kwenye kabati la kioo. Nikafahamu kuwa vyumba vya maharusi vina mwanga mdogo, na ukipiga kwa flashi hina inaonekana kama tope na uso wa biharusi kama umepakwa unga. Dawa yake ni lenzi yenye jicho linalofunguka sana, likaweza kuunywa mwanga mdogo uliopo. Na lenzi ya namna hiyo, ukikubali isiyovuta mbali na karibu, ni rahisi kuliko nyingi. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa hii: kamera yenyewe iwe ya chini, hata ikiwa imetumika, na kinachobaki chote kiende kwenye lenzi.

Mama yangu ndiye aliyesema nisende dukani peke yangu. Watu wa maduka ya Darajani, alisema, wakiona mwanamke anaulizia vitu vya umeme watamuuzia taka. Pesa yangu nilikuwa nikimwekesha yeye. Siku ya kwenda akaitoa sandukuni, akampa kaka.

Basi tukawa pale dukani, mimi na kaka na yule kijana muuzaji. Nikamuuliza kamera ile inafanyaje kazi kwenye mwanga mdogo. Akamjibu kaka kwamba ina megapikseli ishirini na nne. Nikamuuliza kama anayo lenzi isiyovuta, yenye jicho pana. Akamwonyesha kaka lenzi mbili zilizomo ndani ya boksi, zote za kuvuta, na mkoba, na stendi ya miguu mitatu nyembamba kama miguu ya buibui, na kitambaa cha kufutia, akasema vyote hivyo ni zawadi. Nikasema sitaki zawadi, nnataka bei ya kamera tupu. Akacheka, akamtazama kaka, na kaka naye akacheka kidogo.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mama wa biharusi niliyepaswa kumpamba jioni ile, na kelele za dukani zilikuwa haziniachi nisikie, nikatoka nje mpaka kwenye kivuli cha duka la jirani. Niliporudi, mkoba ulikuwa begani kwa kaka.

"Nshakununulia," akasema. "Twende, nna kazi."

Kaka anafanya kazi ofisini bandarini, na ni kweli aliomba ruhusa ya saa moja tu. Hilo silikatai. Lakini kusimama dakika chache anisubiri lilimshinda, ilhali kuitoa pesa yangu mfukoni hakukumshinda. Nilitaka kupiga kelele, na njia ilikuwa imejaa watu wanaotujua. Nikamfuata kutoka Darajani mpaka nyumbani Vuga, na kaka njia nzima ananieleza jinsi alivyopunguziwa bei.

Nyumbani nikafungua boksi. Nikampiga mama picha, amekaa kitandani anakunja nguo. Nikatazama namba ya ile picha. Kamera mpya huanza kuhesabu picha zake tangu moja, na hii yangu, ambayo mimi ndiye niliyedhani naibonyeza mwanzo, ilikuwa imeshapita elfu saba. Nikaitazama vizuri. Mpira wa pale unaposhika mkono ulikuwa umeng'aa kwa jasho la mtu. Nikazungusha pete ya lenzi nikasikia kitu kinakwaruza, nikaipangusa kwa ncha ya kanga, na kwenye kanga ikabaki chembe ya mchanga mweupe. Mchanga wa pwani. Kamera ile ilikuwa imeshatembezwa ufukweni na mtu mwengine kabla ya kutiwa ndani ya boksi na kubandikwa gundi upya.

Nilikuwa tayari kununua kamera iliyotumika, nishasema. Niliuziwa iliyotumika kwa bei ya mpya, pamoja na vikorokoro nilivyovikataa kwa mdomo wangu.

Asubuhi nikarudi dukani peke yangu. Nikamwonyesha muuzaji namba, nikamwonyesha mchanga. Hakuona haya wala hakubisha sana. Alisema tu kwamba hawezi kuzungumza na mimi.

"Mteja wangu ni kaka yako," akasema. "Risiti ina jina lake. Na aje yeye."

Nikaenda bandarini. Kaka akanitoa nje ili wenzake wasisikie, nikamweleza yote nikiwa nimesimama juani. Akaniuliza picha inatoka au haitoki. Nikasema inatoka. Akasema basi, hawezi kwenda kugombana na watu kwa sababu ya kikamera, na kwamba nimezoea kudekezwa. Jioni nikamwambia mama. Mama akasema kaka yangu alijitaabisha kwa ajili yangu. Nililala na hasira juu ya watu watatu.

Siku ya pili niliingia dukani wakati muuzaji anafungua milango, nikakaa kwenye kiti cha wateja kilicho mbele ya kaunta, kamera mapajani, boksi na vikorokoro vyake miguuni. Akaingia mwanamke wa makamo kutafuta chaja ya simu. Nikampa salamu, nikamwambia, mama angu, hebu tazama kabla hujatoa pesa yako. Nikamwonyesha picha ya kwanza na namba yake, nikamweleza maana yake. Akaitazama, akamtazama muuzaji, akairudisha chaja juu ya kaunta, akatoka. Akaja kijana na mkewe, nikawaeleza vile vile. Kisha akaingia mama mmoja ambaye mwanawe nilimpaka hina mwaka ule ule, na huyo hakutoka. Akavuta kiti akakaa nami, na kila anayeingia akawa yeye ndiye anayeanza kueleza.

Muuzaji mwanzo alicheka. Baadaye akaniletea soda, nikaiacha ikapata moto. Kisha akasema namharibia riziki yake na ataita polisi. Nikamwambia aite, nami nitawaonyesha mchanga. Hakuita polisi. Alimpigia simu kaka.

Kaka alifika na shati la kazi limemganda mgongoni. Duka lilikuwa na watu sita au saba wakati ule. Akaniinamia sikioni.

"Inuka twende. Unanitia aibu."

Hapo nikasimama, na sikusema kwa sauti ndogo. "Aliyetiwa aibu ni mimi," nikamwambia, "na mmenitia nyinyi wawili. Mmeuziana kitu changu, kwa pesa yangu, nami nimesimama nje naongea na simu. Huyu hataki kunisikiliza kwa sababu mimi si mteja wake. Basi mwambie. Mwambie kamera hii ni ya nani."

Kaka aliangalia chini. Yule mama aliyekaa nami na wateja wote wakamgeukia. Nadhani angekuwa na njia nyingine ya kutoka mle ndani angeishika.

"Ni yake," akasema mwisho, na hakumtazama yeyote.

Muuzaji akaipokea kamera na boksi lake, akafungua droo. Akakata kiasi, ati kwa sababu boksi limefunguliwa, akahesabu kinachobaki. Na baada ya yote yale, baada ya kukaa pale tangu asubuhi na kusikia kwa masikio yake kamera ni ya nani, alinyoosha mkono wake akampa kaka zile noti. Nilizichomoa mkononi mwa kaka kabla vidole vyake havijafumba. Sikumsubiri, nikaondoka.

Kamera nilikuja kuipata Kikwajuni, kwa mzee mmoja mwenye studio ndogo ya picha za pasipoti na vitambulisho. Ni Mkristo, watu wake walikuja kutoka bara zamani, na sikuwa nikimjua ila kwa kupita mbele ya mlango wake. Nilisikia kwamba amenunua mpya na anauza ya zamani. Niliingia peke yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza nataka kupiga picha za nini.

Katika wote niliozungumza nao juu ya kamera, hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nikamwambia: maharusi, ndani, hina, bila ya flashi. Akaichukua kamera rafuni akaitia mkononi mwangu. Kisha akanitajia kasoro zake bila ya kuulizwa: rangi imechubuka pembeni, betri inachoka mapema, kimlango cha kadi lazima ukibonyeze mpaka kilie. Nikaichukua siku moja kwenda kuijaribu, nikamwachia kitambulisho changu. Nikaenda nayo chumba cha ndani cha mama, chenye kidirisha kimoja tu kinachotazama ukuta wa jirani, nikampiga picha mikono yake yenye hina iliyopauka. Kila mstari ulionekana. Pesa ilitosha kamera na lenzi isiyovuta, na ikabaki ya betri ya pili.

Watu hudhani siku ile nilifurahi. Nilitoka studio nikiwa nimekasirika kuliko nilivyokasirika Darajani. Nilisimama njiani na kamera yangu kwapani, karibu nilie, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa jepesi mno. Mtu aniulize nataka nini, anisikilize, anipe nishike. Mzee yule hakunifanyia hisani yoyote, aliuza kitu chake tu, na mimi nilikuwa nimefikishwa mahali pa kuliona hilo kama hisani.

Harusi yangu ya mwanzo kuipiga picha ilikuwa Kidichi. Nilimpaka biharusi hina siku ya kwanza, na ya pili nikarudi na kamera. Mlangoni alikaa shangazi yake na kapu, kila anayeingia anatia simu yake humo, maana picha za wanawake zimeshasambaa na kuharibu nyumba za watu. Aliponiona na kamera akanizuia kwa mkono. Akaniuliza nani ataziona picha. Nikamwambia mimi na biharusi, na nikishampa yeye nitazifuta kwangu mbele ya macho yake, nibakishe za mikono na miguu tu, akiridhia. Akanitazama sana, kisha akanipisha. Mle ndani walikuwako wanawake waliovua mabuibui yao, wanacheka na kucheza kwa raha zao, na mwanga ulikuwa wa taa mbili za manjano. Nikapiga. Biharusi alipoiona mikono yake kwenye kile kioo kidogo cha nyuma aliniomba nimrudishie tena, na tena.

Tangu hapo nafanya kazi zote mbili, na sikosi harusi. Na kaka tunaamkiana, Idi tunakula sinia moja, lakini neno juu ya siku ile halijamtoka mdomoni. Mama huniambia nisamehe, ndugu ni ndugu. Mimi humjibu kwamba sijakataa kusamehe, nasubiri kuombwa.

Mke wa kaka alipojifungua alinitumia salamu nende nikampige mtoto picha. Nilikwenda. Nikampiga mtoto amelala, nikampiga na mamake, nikampiga mapajani kwa mama yangu. Kaka alikuwa amekaa kwenye kochi, amevaa kanzu mpya na kofia ya kiua, anajiweka sawa, anasubiri nimgeukie. Nikafunika lenzi, nikaitia kamera mkobani, nikaaga.