Mtani Hana Risiti

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kutomwamini mtu, mlangoni mwa supamaketi moja hapa Songea, na niliifanya vizuri. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia mlinzi wa kike wanadhani niliwekwa pale kama pambo. Nilipitia mgambo mimi. Nimekimbia na tofali kichwani huku wanaume wakianguka pembeni. Shati la bluu, kirungu kiunoni, muhuri wa kugonga risiti mkononi, hivyo ndivyo nilivyosimama kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Mteja akiingia, anaacha mkoba wake kwangu nami nampa kibati chenye namba. Akitoka, naangalia risiti, naangalia mfuko, nagonga muhuri, anakwenda zake. Ukisimama pale muda mrefu unagundua kwamba wizi wa dukani una misimu yake kama kilimo. Masika ni miavuli: mtu anaingia na mwavuli mwembamba, anatoka nao umenenepa. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kwetu inapokaza, ni makoti. Halafu wapo wa mwaka mzima, wanaofungua biskuti humo humo ndani, wanatafuna taratibu kana kwamba wako sebuleni kwao, kisha wanasukuma karatasi nyuma ya pakiti za tambi. Mama mmoja aliyependeza kweli kweli nilimkuta na dawa za meno saba ndani ya soksi. Akanitukana mimi, akasema nimemdhalilisha. Tangu siku hiyo sikumtazama tena mtu usoni, nilitazama mikono na miguu.

Bosi wetu alikuwa mfanyabiashara kutoka mkoa mwingine. Nilianza naye wakati duka bado ni la kaunta, unataja unachotaka, unapewa. Nilikuwa nalinda na kubeba mizigo, na saa nyingine nafagia. Wakati huo ndipo alipokuwa akija mtani wangu.

Mimi ni Mhehe kwa baba, ingawa nimezaliwa Mjimwema, hapa hapa Songea, na Iringa naijua kwa kupita tu. Kwa Mngoni hilo linatosha. Mababu zetu na mababu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Ukiwa na mtani, mnatukanana bila kukasirikiana na mnanyang'anyana bila kushitakiana. Anayenuna ndiye mwenye kosa. Watu wa mikoa mingine nao wana watani wao, lakini si wote wanaouchukulia utani kama sisi huku, na bosi wangu alikuwa mmoja wa hao.

Huyu mtani wangu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, katekista katika kigango kimoja, kanisa dogo la kijijini, upande wa Peramiho. Alikuwa mwembamba, mrefu, na kofia ya pama aliyoirithi kwa padri mmoja. Jumamosi alikuja mjini kuuza maharage, na kabla ya kurudi alipita kwetu.

"Shikamoo mzee," namwambia.

"Marahaba, mla mbwa. Leo umekula wa nani?" Ndivyo wanavyotutania Wahehe, kwamba tunakula mbwa.

Akishalipia vitu vyake, ananyakua kitu kidogo juu ya kaunta, kiberiti au mshumaa, anakiinua juu kila mtu akione. "Nimemteka Mhehe!" Anatoka mbio, mbio za mzee, nami namfukuza mpaka barabarani huku watu wakivunjika mbavu. Narudi, nakilipia kile kiberiti. Bosi mwenyewe alikuwa akicheka. Na mimi nililipa kisasi, usidhani. Siku moja nilimpora ile kofia ya pama nikaivaa wiki nzima kazini, mpaka alipokuja kuikomboa kwa mkungu wa ndizi. Nilimpenda yule mzee. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na sikuwa na mtu mwingine wa umri ule wa kunifanya nicheke.

Kisha bosi akavunja kaunta. Akaweka rafu ndefu, watu wakawa wanajichukulia wenyewe, na kama unavyoweza kufikiri, vitu vikaanza kuota miguu. Zikaja kamera nane, na televisheni ofisini kwake inayoonyesha kila kona. Ukaja ubao karibu na mlango, umeandikwa HAWA NI WEZI, WATAMBUE, na chini yake picha za waliokamatwa, kila mmoja ameshika alichoiba. Bosi akatuita wote akatangaza sheria mpya. Mfanyakazi haruhusiwi kumlipia mteja chochote. Na mtu akipita mlangoni na mali isiyolipiwa, mlinzi aliyemfahamu mtu huyo atahesabiwa ni mwenzake.

Hakuwa anatania. Mlinzi mwenzangu wa zamu alifukuzwa kwa sababu shemeji yake alitoka na mafuta ya kula. Hakuyaona yale mafuta, mimi nilikuwepo, najua hakuyaona. Wiki mbili baadaye nilimkuta akibeba mchanga kwenye ujenzi. Mimi nilikuwa na watoto wawili shuleni na mama ambaye miguu yake ilishaacha kumsikiliza. Nilijua nikipoteza ule mlango sina mlango mwingine.

Sasa mtu atauliza, kwa nini hukumwambia mzee? Nilipanga kumwambia. Lakini mtani utamwambiaje aache utani? Kumwambia acha ndiko kununa kwenyewe. Nikajidanganya kwamba akiziona kamera ataelewa. Kisha yakaja mavuno, akapotea miezi miwili, nami nikafurahi kwamba jambo limejimaliza lenyewe. Huo ndio upumbavu wangu, na sina wa kumsingizia.

Alikuja Jumamosi moja ya mwezi wa sita, amevaa koti refu na kofia yake. Akanikabidhi kikapu, nikampa kibati.

"Siku hizi mnatupa namba kama wafungwa, mtani?"

"Ndiyo mambo ya kisasa, mzee," nikasema. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema mengine. Kulikuwa na wateja wawili nyuma yake wanasubiri, nikageukia mikoba yao.

Alinunua sukari na chumvi, akalipia, risiti akapewa. Alipokuwa anatoka akapita kwenye rafu ya sabuni, akachukua mche mmoja, akauinua juu ya kofia kwa mkono wote.

"Nimemteka Mhehe! Njoo unikamate!"

Akanipita mlangoni na zile mbio zake. Mimi nikacheka. Mungu anajua nilicheka, kwa moyo wote, kabla sijakumbuka niko wapi. Nilipogeuka, bosi alikuwa ameshatoka ofisini na anakuja kwa hatua ndefu.

Alimsimamisha kwenye ngazi za nje. "Mzee, hiyo sabuni umelipia?"

"Hii atalipa mtani wangu huyu," mzee akasema, bado anahema. "Wahehe ndiyo kazi yao, kutulipa sisi."

"Risiti iko wapi?"

"Mtani hana risiti, baba." Akaangua kicheko.

Bosi hakucheka. Aliniangalia mimi. Sijui alikuwa amesahau siku za kaunta, au alizikumbuka na alitaka kuona nitasema nini. "Huyu mzee unamfahamu?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa neno moja tu, ndiyo, na baada yake ningeeleza utani ni nini, ningeomba radhi, labda ningefukuzwa, labda nisingefukuzwa. Akilini nikamwona mwenzangu na karai la mchanga kichwani.

"Wateja wengi wananiita mtani, bosi," nikasema.

Wala halikuwa uongo. Wengi waliniita hivyo kweli. Nimekaa na ile sentensi miaka sasa, naigeuza huku na huku, na sijapata ndani yake neno moja la uongo, na ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba mzee alifurahi. Alidhani ni pigo langu la utani, tena pigo zuri. Akapiga makofi, akasema, "Aa, leo Mhehe umenipata! Umenipata kweli!" Akawageukia watu waliokuwa wamesogea, ili nao wacheke. Kisha akaniangalia tena, akangoja nimalize mchezo. Sikumaliza. Nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo mpaka kikaisha.

Akaingiza mkono kwenye koti atafute hela. Bosi akamwambia kwamba kila anayekamatwa hutaka kulipa. Akampa mambo mawili achague, polisi au picha.

"Picha inakwenda wapi?" mzee akauliza.

"Hapo ukutani."

Akautazama ubao, akawatazama wale waliotangulia. Akasema picha. Nikaambiwa nimsimamishe vizuri, nikamshika mkono juu ya kiwiko, na ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Kofia aliivua mwenyewe, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Sabuni wakamshikisha. Alipomaliza akaomba kikapu chake kwa namba, akanirudishia kibati, akaondoka bila kuniaga. Jioni hiyo bosi alinipa picha na gundi, nikaibandika.

Watu wa kule kwake wote wananunua kwetu. Wiki haikuisha kabla kigango kizima hakijajua. Mama mmoja jirani yake alisimama mbele ya ubao siku ya gulio, akanitazama mimi, akatazama picha, akanitazama tena. Ndiye aliyenisimulia baadaye. Mzee alikuwa akiwafundisha watoto amri za Mungu wajiandae kwa komunyo, na alipofika ya saba, Usiibe, mtoto mmoja akaguna, wengine wakacheka. Akafunga kitabu, akawaambia waende nyumbani. Jumapili akaketi nyuma kabisa kanisani. Paroko alimwita akamwambia arudi kwenye kazi yake, kwamba hakuna mwenye akili anayeamini mambo hayo. Mzee akajibu kwamba asiyeaminiwa na mtoto hawezi kumfundisha.

Ilikaa miezi minne ile picha. Nilipita mbele yake kila asubuhi nikifungua mlango, na kila asubuhi nilijiambia leo nitakwenda ofisini nikaeleze. Mara moja niliibandua nikasema imelowa maji ya kudekia. Bosi akachapisha nyingine, akaiweka kwenye nailoni, akanisifu kwa kuwa makini. Niliona haya hata kula. Lakini nilikula, na watoto walikula, na ada ililipwa. Sitaki kujifanya kwamba nililia kila siku, maana siku nyingine nilisahau kabisa.

Ilipofika masika nilisikia mke wa mzee amefariki. Nikaomba ruhusa, nikafunga kanga, nikaenda. Njiani nilikuwa na mpango, na nauandika hapa ili mtu ajue nilivyofikiri. Kwetu, msiba wa Mngoni bila watani haujakamilika. Mtani ana haki zake pale. Anaruhusiwa kuingilia uchimbaji wa kaburi, kumwigiza marehemu, kudai alipwe ndipo maziko yaendelee, na wafiwa hucheka katikati ya machozi, wakarusha sarafu mbili tatu, moyo ukapumua. Nikawaza kwamba nikifanya kazi yangu ya utani mbele ya watu wote, kila mtu ataona kwamba mimi na yeye ni watani kweli, kwamba ile sabuni ilikuwa utani. Ningesema kwa matendo nilichoshindwa kusema kwa mdomo. Na yeye atanitukana, na yatakuwa yamekwisha.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti chini ya upenu wa nyumba, kofia magotini. Makaburi yao yako pale pale nyuma ya nyumba, na vijana walikuwa wanachimba. Sikumsalimia kwanza, kwa kuwa mtani haanzi na salamu. Nikaenda moja kwa moja kaburini, nikampokonya mchimbaji jembe, nikaliweka begani.

"Hapa hapachimbwi!" nikapiga kelele. "Mngoni hazikwi bure! Nilipwe mimi kwanza!"

Hakuna aliyecheka. Wanawake waliokuwa wanamenya viazi waliacha visu. Nikarudia, nikamtaja marehemu kwamba alikuwa mchoyo wa ugali. Ni maneno ya kawaida kabisa ya utani. Yule mchimbaji alibaki ndani ya shimo, mikono mitupu, anamtazama mzee aone atasema nini.

Mzee aliinuka. Alinijia taratibu, akasimama mbele yangu, na nikamngojea aniite mla mbwa. Nililihitaji lile tusi kuliko nilivyowahi kuhitaji kitu.

"Karibu, mama. Pole kwa safari," akasema, kwa adabu yote ambayo mtu humpa mgeni. "Naomba urudishe jembe la watu. Wasije wakasema umeiba."

Nikamtazama usoni nitafute kicheko. Sikukiona, wala sikuona hasira. Nikalirudisha jembe, na binti yake akanishika mkono akanipeleka kwenye mkeka wa wageni.