Mpishi wa Shangani na vikabichi asivyovionja

Saa sita mchana, siku ya kumi na nane ya Ramadhani. Katika jiko la hoteli moja ndogo ya Shangani, Mji Mkongwe, Bi Mwanakheir Ame amesimama mbele ya kikaango, anasubiri mafuta yapate moto. Mezani pana beseni la vikabichi vya Kizungu, kila kimoja ukubwa wa ndimu. Wageni kumi na wawili watavila pembeni ya samaki wao. Yeye, mwenye miaka hamsini na sita, hajapata kuvitia mdomoni.

"Mwaka wa kwanza huu vinaletwa," anasema bila kugeuka. "Vimefika juzi, katikati ya Ramadhani, na mimi nimefunga. Basi nnapika kwa pua na macho."

Jana pua na macho havikumsaidia. Alivipika kama anavyopika kabichi nyumbani kwake Bububu: tui zito, chumvi, kisha akafunika sufuria mpaka vikalainika kabisa. Alipofunua, jiko zima lilinuka yai viza. Akamwomba Kurwa, muosha vyombo, amwonjee. Kurwa ni Mkristo, wazee wake wametoka bara, na hajapata kukataa chakula tangu azaliwe. Akasema vitamu. Sahani zote kumi na mbili zilirudi na vikabichi vyake.

Wapo wapishi waliofunga wanaoonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na masheikh wameruhusu. Bi Mwanakheir hataki.

"Najua inafaa. Lakini miaka kumi na tisa nimepika Ramadhani hapa bila kuonja. Leo nianze kwa ajili ya vikabichi?"

Kabla ya jiko, alianzia kwenye karo la vyombo, miguu ndani ya maji kutwa nzima. Asubuhi hii mpishi mkuu, Ayoub, kijana anayeweza kuwa mwanawe, amemwambia kwa heshima zote: sahani zikirudi tena leo, jikoni atasimama mwingine, na yeye atarudi karoni. Magoti yake hayatastahimili hata mwezi, na hilo analijua vizuri kuliko Ayoub.

"Nilichukua kisu nikaanza kuvikata," anasema. "Nimechoka."

Mafuta yanaanza kufuka moshi. Leo amevikata vikabichi nusu kwa nusu, akavifuta maji mpaka vikakauka. Anavipanga, upande uliokatwa chini, na havigusi tena. Mfuniko ameuficha nyuma ya gunia la mchele, maana mkono wake anaujua, utaufuata tu.

"Nlipokuwa nnakula daku nikajiambia, hii si mboga ya tui. Biringani nikilichoma kwa moto mkali linakuwa tamu. Na hivi ntavifanya vivyo hivyo."

Vikishapata rangi ya maandazi, anavigeuza, anatia kitunguu thomu kilichopondwa na pilipili manga, anakamulia ndimu mbili. Chumvi anaichota kwa vidole vitatu, anasita, nyingine anairudisha kwenye kopo. Kurwa anasogea na kijiko.

"Nikuonjee, Bi?"

"Ahsante, mwanangu. Kwako wewe kila kitu kitamu."

Saa nane wahudumu wanaanza kurudisha sahani. Bi Mwanakheir amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho sakafuni. Anaogopa, na hafichi. Ayoub ndiye anayezikagua, moja baada ya nyingine.

"Bi Mwanakheir."

"Naam."

"Tupu. Zote. Wa meza ya dirishani wanauliza kama na kesho vipo."

Hatabasamu. Anajifuta uso kwa ncha ya kanga. Anachotaka ni mwaka mmoja tu mbele ya jiko hili, aweke akiba. Nyumbani Bububu ana banda la kupikia ambalo upande wake mmoja haujaezekwa. Likikamilika, Ramadhani ijayo atauzia majirani futari.

"Ntapika nimekaa kwenye kigoda changu," anasema. "Na ntapika vitu nnavyovijua."

Adhana ya magharibi inawakuta uani, nyuma ya jiko. Bi Mwanakheir anafungua kwa tende na maji. Kisha anafunua bakuli alilojiwekea tangu mchana: nusu kikabichi, kimeshapoa. Anakitafuna taratibu, huku Ayoub na Kurwa wanamtazama.

"Chumvi haijakolea," anasema. "Kesho ntaongeza."