Mazishi Yaliyotolewa Kwenye Filamu

Mama alinituma Dodoma kwa jambo moja tu: mazishi ya Hamisi yatolewe kwenye filamu yangu. Hamisi ni mdogo wangu. Aliigiza baba anayefariki, na tulianza na mazishi siku ya kwanza kabisa ya kupiga picha, maana majirani walipatikana siku hiyo tu kabla ya kwenda kuvuna. Tukaazima jeneza la mtaa, lile linalobebea kila maiti hadi kaburini. Wazee walituonya kwamba mtu halazwi humo kwa mchezo. Nikacheka, mjinga mimi. Miezi miwili baadaye pikipiki ikamuua, tukambeba kwa jeneza lilelile. Tangu hapo Mama hanitazami usoni.

Saa kumi na mbili asubuhi, Kondoa. Nilipanda basi nimepakata mkoba wenye diski ya picha zote. Kondakta alitaka mkoba uwekwe juu. Nikamwambia humu yumo mtu, hakai na mizigo. Akaniacha.

Tulipofika Chemba, abiria walishuka kunywa chai. Pale mnadani ndipo tulipompiga picha Hamisi akiuza ng'ombe. Sikushuka.

Dodoma tulifika mchana. Neema, mhariri wetu, alinipa pole, akanikaribisha mbele ya kompyuta. Nilidhani kazi yake ni kukata tu. Kumbe hutazama kila kitu kwanza, hata kilichoharibika. Huchagua, hupanga, huoanisha sauti na midomo, kisha husawazisha rangi ili picha za siku mbili zionekane za asubuhi moja. Siku tatu nilimsikia ndugu yangu akirudia sentensi ileile, akikosea, akianza upya. Nililia bila aibu.

“Kaka, nikitoa mazishi hadithi haina mwisho,” Neema alisema.

“Toa.”

Akatoa. Filamu ikaishia Hamisi akifunga mlango kwenda shambani.

Jumanne adhuhuri nilikuwa Kondoa tena. Mama aliitazama yote, kisha akauliza mazishi tumeyatupa wapi. Nikamjibu kwamba bado yamo kwenye diski. Akataka kuyaona. Nikakataa, akaning'ang'ania, nikafungua. Jeneza linatuliwa, watu wanalia kilio cha uongo, inasikika sauti yangu ikisema “kata”. Hamisi anajifunua sanda, anainuka akicheka, anaomba chai.

Kipande kama hicho mhariri hukitupa, na sawa, filamu ni ya watazamaji. Safari hii imenifunza kwamba makapi yake yana wenyewe.

“Rudisha pale anapoinuka,” Mama alisema.

Nikarudisha. Akasema tena, nikarudisha tena, mpaka wakaadhini alasiri.