Masale Kando ya Mto

Mimi ndiye niliyepanda masale. Niliyapanda siku ya Jumanne, nikiwa peke yangu, kwa nia njema kabisa, na kufikia Jumatano asubuhi nilikuwa nimekaribia kuwaharibia akina mama wa bustani kazi yao ya miaka yote.

Nilikuwa nimerudi Soni baada ya kuhamahama kwingi. Baada ya kidato cha nne sikutulia mahali. Nimepakia mbao Iringa, nimeuza viatu Mwanza, nimetunza bustani ya hoteli moja Dar es Salaam. Nikiwa mbali huwa naota ukungu wa kwetu na harufu ya moshi wa mkaratusi. Nikishafika nyumbani, haipiti miezi mitatu naanza kusikiliza honi ya basi linaloshuka Mombo. Safari hii nilifikia kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza kundi la bustani ya mto.

Zamani tulipokuwa shule, sehemu ile chini ya daraja ilikuwa jalala. Tulikuwa tukishuka kuogelea, tunarudi na vidonda vya vigae na chupa. Sasa nilikuta miche ya mikuyu imefika kiunoni, majani ya gwatemala yamepandwa kwa safu kushika kingo, na mahali pa kukaa palipotengenezwa kwa magogo kutoka Shume. Yote ilikuwa kazi ya msaragambo, ya kujitolea kwa pamoja, kila Jumamosi asubuhi, kwa sababu Ijumaa ni ya msikitini na Jumapili ni ya kanisani, na katika kundi lile kulikuwa na wa huku na wa kule. Hakuna aliyewaagiza. Walianza watatu, wakiokota mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye mizizi.

Kulikuwa na habari kubwa. Watu wa wilayani walisema watakuja Jumamosi kuwashukuru na kuwapa vyeti. Mama mdogo alijifanya hajali, lakini kitenge chake alikipiga pasi tangu Jumatatu.

Nikaona na mimi nisaidie, wageni wakute pamependeza. Kule hotelini tulikuwa tunapanda masale pembeni mwa njia, yanasimama wima na majani yake marefu membamba, pazuri sana. Kwa hiyo nilikata vipande vya masale nyuma ya nyumba, nikavichomeka kwa mstari ulionyooka kando ya njia ya kuingilia bustanini. Nilirudi nyuma hatua kumi nikautazama mstari wangu. Nilifurahi.

Kwetu masale hayapandwi kwa urembo. Masale ni mpaka. Ukiyaona yamesimama shambani, unajua hapa ni kwa fulani na pale ni kwa fulani, na hakuna karatasi inayoyashinda. Nilizaliwa nikijua hivyo. Sijui nilisahau wapi, labda Iringa, labda ndani ya basi.

Ubaya zaidi, njia ile ilikuwa ndani ya shamba la jirani, mzee mmoja mkulima wa kabichi na karoti. Alikuwa amewaruhusu akina mama wapite, na alikuwa ameacha kulima mpaka majini ili miti ipate nafasi. Mapatano yao yalikuwa ya mdomo tu: yeye hatalima chini ya njia, na wao hawatasema pale ni pao. Mstari wangu niliuweka upande wa juu wa njia. Yaani njia yote, na kila kitu kilichokuwa chini yake, nilikuwa nimeikata nikaihamishia bustanini.

Mzee alikuja asubuhi, ameshika sale moja mkononi, udongo ungali kwenye shina.

"Nimekuja kuuliza," alimwambia mama mdogo, "ni nani kanipimia shamba nikiwa nimelala."

Mama mdogo alilitazama lile sale, akanitazama mimi. Hakuhitaji kuuliza.

"Mimi sina maneno," mzee alisema. "Mmesema ni kwenu, na mimi nitasema ni kwangu. Jumamosi naleta jembe. Nalima mpaka majini kama alivyolima baba yangu, na njia naifunga. Mgeni wenu akija atakuta matuta."

Aliliweka sale chini mlangoni, akaondoka.

Mama mdogo alikaa kwenye kigoda. "Nani alikutuma?"

"Nilitaka pawe pazuri."

"Pazuri. Hiyo hoteli yako, jirani yake alikuwa nani?"

"Barabara."

"Basi ndiyo maana. Barabara haikasiriki."

Nikasema naenda kuyang'oa yote sasa hivi. Akanikataza. Nikiyang'oa peke yangu, alisema, nitaonekana nimeiba kisha nikaficha. Yule mzee mwenyewe alikuwa ameng'oa moja tu, la kuonyesha, mengine hakuyagusa. Mpaka unawekwa mbele ya watu na unaondolewa mbele ya watu. Kisha alichukua simu akampigia afisa wa wilayani. Nilimsikia akisema, "Jumamosi msije, baba. Tuna msaragambo." Afisa alieleza kitu kirefu. "Najua ni shukrani," alijibu. "Shukrani itasubiri. Mkipata siku nyingine mtuambie, na msipopata, basi."

Habari ilipowafikia wenzake walinung'unika. Mmoja alikuwa ameshasuka nywele. "Nimekaa chini tangu saa mbili mpaka adhuhuri," alisema, "kichwa kinaniuma, halafu nakuja kuonyesha nywele kwa kabichi." Lakini hakuna aliyesema wageni waje hivyo hivyo. Kama mzee angelima mpaka majini, mvua moja nzito ingeshuka na udongo, na mikuyu yao ingeondoka nao.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, tulikwenda nyumbani kwa mzee. Tulikuwa mama mdogo, mimi, na bibi mmoja wa kundini ambaye dada yake ndiye mke wa mzee. Niliinama nikasema shikamoo. Mzee aliwaitikia wao wawili, mimi akaniacha. Nilibaki nimeinama. Aliuliza hali ya mvua, akauliza bei ya karoti imekuwaje, akazungumza na mama mdogo kwa Kishambaa kuhusu ugonjwa wa viazi.

"Shemeji," yule bibi alisema, "mwitikie huyu mtoto. Anasubiri marahaba kama anayesubiri basi la Mombo."

"Mtoto gani ana mvi."

"Mvi kazipata safarini. Akili bado iko njiani, inakuja na basi la jioni."

Mzee alijizuia kucheka, lakini mabega yalimtikisika. Ndipo akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, ingawa alinijua tangu nikiwa mgongoni. Nikamjibu. "Mama yako alilima hapo juu," alisema. "Mimi na yeye tulipakana. Hajawahi kuchomeka hata kijiti bila kuniita." Nikasema nimekosa, nilipanda bila kuuliza, na kundi halikujua. Sikuitaja hoteli.

"Kesho nitakuja," alisema. "Nitapanda mimi."

Hakusema atapanda wapi.

Jumamosi walifika wote, na majembe na mapanga, hakuna aliyevaa cha wageni. Mzee alikuja na majirani wawili wawe mashahidi. Aliyang'oa masale yangu moja moja, akawa ananipa niyabebe. Mpaka mwisho wa mstari nilikuwa nimekumbatia mzigo kama wa kuni. Kisha akaanza kutembea, na sisi nyuma.

Aliteremka. Alivuka njia, akaingia chini kwenye miti, akaenda mpaka kwenye mkuyu wa mwisho, karibu kabisa na maji. Mama mdogo alishika ncha ya kanga yake, akawa anaikunja na kuikunjua. Mzee alichuchumaa, akaushika udongo uliofungwa na mizizi ya gwatemala, akauvuta. Haukutoka. Akasimama, akautazama mto upande wa chini, mahali ambapo ukingo wa shamba la mwingine ulikuwa umemeguka na kubaki mwekundu kama nyama.

Halafu akarudi juu. Akavuka njia tena, akaingia kwenye kabichi zake, akahesabu matuta mawili, akapiga kisigino chini.

"Chimba hapa."

Sikusogea. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Baba," mama mdogo alisema, "hapo kuna kabichi."

"Najua. Nimezipanda mimi." Alimgeukia. "Masika yaliyopita mto ulichukua karoti za huyo wa chini, tuta zima. Kwangu haukuchukua hata jani. Mlidhani sikuona? Sikuwa na la kusema tu. Mtu hawezi kukaa anawapungia mkono wanawake kila Jumamosi."

Mashahidi walicheka. Nikachimba. Alipanda masale kwa mkono wake, na mstari wake haukunyooka kama wangu. Ulifika kwenye mparachichi ukapinda ukauzunguka, kwa sababu mparachichi hakuutoa.

"Huo tungekutunzia, shemeji," yule bibi alisema.

"Mngenitunzia mti, matunda mngeyatunza tumboni."

Aliweka sharti moja. Kabichi za matuta yale mawili zikomae kwanza. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa akina mama walikuwa na bustani ya mto yenye kabichi za mtu mwingine ndani, na kila Jumamosi walizipalilia pamoja na mikuyu yao, bila kuombwa.

Watu wa wilayani walipata siku nyingine. Walikuja wakati kabichi ndiyo kwanza zinafunga vichwa. Vyeti vilitolewa, mama mdogo akavaa kitenge chake, na yule wa nywele alisuka upya. Afisa alipotaka kupiga picha alitazama huku na huku akauliza kwa nini kuna kabichi ndani ya bustani ya kuhifadhi mto.

"Zinamalizia," mama mdogo alijibu, akamwita mzee aje asimame nao. Mzee alikuwa upande wake wa masale, na jembe begani. Alisema yeye ni jirani tu. Walimvuta.

Mavuno yalipofika nilikuwa bado Soni. Mzee alikata kabichi zake, akampa kila mama moja, akabeba zilizobaki. Matuta yale mawili yakabaki matupu, udongo mweusi, laini, umeshapaliliwa. Miche ya mikuyu ilikuwa tayari kivulini, kwenye makopo. Tuliipanda siku ile ile, kabla jua halijaukausha udongo.