Sauti ya Mtoto wa Funo

Kanisani walimcheka Sylvestre mpaka wakachoka. Mtu katoka Mwenga, katikati ya misitu ya Kivu, kapita kambi ya wakimbizi Uganda, kapanda ndege mpaka Birmingham, kapewa nyumba Hodge Hill yenye maji ya moto bombani, halafu anatafuta kazi ya kurudi porini! Wenzake walikuwa wakipakua maboksi kwenye maghala ya Nechells au wakichambua takataka Tyseley, kazi za watu waliokwisha kukubali kwamba wako Ulaya. Yeye naye alizichambua takataka kwa muda, vumbi likamkaa kifuani, akaacha. Siku aliyotangaza kwamba ameajiriwa kutunza msitu, mzee mmoja wa kanisa alimuuliza kama watampa na mkuki. Sylvestre alicheka pamoja nao. Hakuwa mtu wa kujibu haraka.

Msitu wenyewe, tusidanganyane, mtu wa Mwenga asingeuita msitu. Ni miti iliyobanwa kati ya mashamba na barabara kuu nje ya mji, na ukisimama katikati yake unasikia malori. Lakini kazi ilikuwepo. Alikata miti midogo mpaka kwenye kisiki ili ichipue upya, akafungua nafasi za jua kwa ajili ya maua, vipepeo na ndege, kisha akafunika kila kisiki kwa matawi ya miiba. Miiba ilikuwa ya kuwazuia paa. Kuna paa wafupi, kimo cha mbwa, mgongo umepinda, ambao matajiri wa zamani waliwaleta kutoka China kupamba bustani zao. Wakatoroka, wakazaana, na Waingereza huwaita mantjak. Hao walikula kila chipukizi na kila ua la buluu. Wakiachiwa, msitu unabaki miti mizee juu na udongo mtupu chini, hauna kitoto hata kimoja cha mti. Kwa hiyo ilibidi wapunguzwe, na mwenye kazi ya kuwapunguza alikuwa Eric, mzee mwenye bunduki na maneno machache, aliyefiwa na mkewe miaka michache nyuma.

Siku ya kwanza Sylvestre alipomwona mantjak, aliuweka msumeno chini. Ule mwendo wa kuinamisha kichwa, yale makalio yaliyopanda juu kuliko mabega, aliyajua tangu utotoni. Alikuwa funo, yule paa mdogo wa msituni aliyewindwa na baba yake, kasoro rangi kidogo.

Kwao wawindaji hawakumfuata funo, walimwita. Unabana pua kwa vidole viwili, unalia kutoka kooni, kilio chembamba cha mtoto wa funo aliyekamatwa. Funo anakuja mwenyewe mpaka miguuni pako. Sylvestre aliijua sauti hiyo kabla hajajua kusoma, na ndiyo iliyompatia mke. Alikuwa akipita nyuma ya jiko la akina Henriette na kulia. Mama mkwe wake wa baadaye akitoka mbio na panga, akidhani mboga imejileta mlangoni, na binti akibaki peke yake jikoni. Henriette alipenda kusimulia habari hiyo mbele ya wageni, na kila mara Sylvestre alitazama sakafu kwa aibu.

Kisha Henriette akaugua. Ugonjwa ulianzia tumboni. Madaktari walifanya yao, halafu wakaanza kusema kwa ile sauti ya upole ambayo haihitaji mkalimani. Wakamrudisha nyumbani, wakasema ale chochote anachokitamani. Tatizo ni kwamba hakutamani kitu. Wanawake wa kanisa walileta sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukausha. Simran, jirani wa mkono wa kulia, alileta dengu na chapati mpaka akaona haya kuchukua vyombo vikiwa vimejaa vilevile. Kila chakula, Henriette alisema, kinanuka dawa. Mchana kutwa Sylvestre alipambana na msitu unaoliwa kupita kiasi, na jioni alirudi kwenye nyumba isiyoliwa kitu. Ilimtia hasira, hasira ambayo hakujua ampe nani.

Wakati wa baridi Eric alimpa mguu na bega la mantjak. Sylvestre alivikausha kwa moshi nyuma ya nyumba, ndani ya pipa bovu la chuma. Binti yao Rosine, aliyezaliwa hapahapa Birmingham, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alifunga madirisha kwa kishindo.

"Dad, the whole street stinks!"

Lakini kutoka chumbani juu ilishuka sauti ambayo walikuwa wameanza kuisahau. "Baba Rosine! Nani anakausha funo?"

Henriette alishuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe. Alikaa mezani, akakata tonge la bukari, ule ugali wa kwao, akachovya kwenye mchuzi wa mawese, akala. Akala tena. Sylvestre hakuthubutu kumtazama, alimwangalia mkono tu.

Kwao nyama ya pori hailiwi kimya. Aliyeileta husimulia mnyama alivyokuja, wote wakisikiliza, na hasimulii uongo, maana anayekula lazima ajue anakula nani. Sylvestre akasimulia: alikuwa dume, alitoka kuota jua pembeni mwa msitu, alikuwa bado anatafuna, Eric akapiga mara moja, mnyama hakujua hata kilichompata. Henriette akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa fanya ile sauti," akasema.

Sylvestre akabana pua, akalia. Henriette alicheka mpaka akashika tumbo, na Rosine, aliyekuwa ameapa kutoigusa hiyo nyama, akacheka pia na kusema kwa Kiingereza chake kwamba wao wawili si wazima. Wiki ile Henriette alikula karibu kila siku. Alisuka nywele. Alimfokea Rosine kuhusu chumba chake, na Rosine akafurahi kufokewa. Ndipo wazo lilipomwingia Sylvestre na kugoma kutoka: nyama ikiwepo, mke wangu yupo. Hakumwambia mtu, maana alijua watamwonea huruma, na huruma ilikuwa imemchosha.

Nyama ikaisha. Majira ya kuchipua yakaingia, na yale mazuri yote aliyoyafanyia kazi yakamgeukia. Visiki vilichipua, miiba ikafunga njia, majani ya kuwasha yakapanda mpaka kiunoni, na mantjak wakapotea humo ndani. Eric alikaa juu ya kile kiti chake cha ngazi kilichoegemezwa mtini, alfajiri na magharibi, asione hata sikio. Nyumbani Henriette alirudi kitandani. Rosine alimbeba mama yake kwenda bafuni, na hakuhema, jinsi mama alivyokuwa mwepesi.

"Hapana ile nyama?" Henriette aliuliza kila jioni.

"Inakuya," Sylvestre alijibu kila jioni.

Asubuhi moja alimkuta Eric akishuka kwenye ngazi mikono mitupu. Akamwambia, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, kwamba yeye anaweza kumwita paa. Akamweleza vidole viwili na ile sauti. Eric alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi kwenye gogo.

Alisema aliwahi kwenda Amerika, kwa shemeji yake, kuwinda bata mzinga wa porini. Huko huwaita pia, majira kama haya, kwa kijisanduku cha mbao kinachotoa sauti ya jike. "Lakini bata mzinga anayekuja ni dume," alisema. "Anakuja kwa tamaa, amevimba manyoya, anajiona bwana harusi. Akifa, vifaranga hawamhitaji. Wewe unataka kulia kama mtoto, Sylvestre. Atakayekuja ni mama, na kama anakuja ni kwamba ana mtoto amemficha mahali."

Sylvestre aliijua sheria ya Eric. Mantjak huzaa mwaka mzima, hawana msimu wa kupumzishwa, kwa hiyo Eric alipiga dume, au jike mwenye mimba kubwa kabisa, ambaye mtoto wake wa nyuma ameshaacha ziwa, ili asibaki mtoto chini ya kichaka akingoja. Mara ya kwanza kusikia habari ya jike mwenye mimba, mwili ulimsisimka. Kwao huo ulikuwa mwiko wa kutisha. Baadaye aliona kwamba ni huruma, huruma ya aina nyingine. Alielewa vizuri sana. Kuelewa hakukumsaidia.

"Mke wangu hali chakula, Eric," alisema.

Eric alikwangua tope kwenye buti zake. Labda alimkumbuka mke wake, labda hakuhitaji kumkumbuka.

"Mara moja tu," akasema.

Walijibanza nyuma ya mti ulioanguka. Sylvestre akabana pua, akalia. Ndege wakanyamaza. Akalia tena, na kabla hajamaliza, miiba ikapasuka upande wa kushoto na jike akatoka mbio, moja kwa moja kwao, manyoya ya mgongo yamesimama. Alisimama karibu kiasi cha kumrushia chumvi. Hakuiangalia bunduki. Alimwangalia Sylvestre usoni, kama anayemtafuta mtoto mdomoni mwake.

Eric hakupiga. "Ana maziwa," alinong'ona. "Mwangalie. Ana maziwa."

Sylvestre aliyaona. Akilini aliona pia mikono ya Rosine chini ya makwapa ya mama yake.

"Piga," akasema.

Walipompasua, maziwa yalitiririka juu ya vidole vya Eric, na Eric akavifuta kwenye nyasi. Kisha wakatafuta. Asubuhi nzima walipekua miiba kwa fimbo, wakainama chini ya kila kichaka, wakachanika mikono. Watoto wa mnyama yule wakifichwa hulala kimya, hawainui hata kichwa kwa asiye mama yao.

"Mwite," Eric alisema mwishoni, amechoka. "Lia kama mama."

Sylvestre alifungua mdomo, akaufunga. Baba yake alimfundisha sauti ya mtoto tu. Ya mama hakuna aliyewahi kuihitaji.

Alikausha nyama siku mbili, na safari hii Rosine hakufunga madirisha. Jumapili walipotoka kanisani Sylvestre alipika mwenyewe, mawese, kitunguu, pilipili kidogo, na bukari laini kama Henriette alivyoipenda. Rosine alimshusha mama yake, akamketisha juu ya mto. Henriette alinusa mvuke, akafumba macho, na uso wake ukawa tena uso wake wa zamani. Sylvestre alijiambia kwamba imetosha, kwamba kwa uso huo angempiga tena yule jike.

Henriette alikula tonge la kwanza. Akala la pili.

"Simulia, Baba Rosine. Alikuya namna gani?"

Sylvestre alisimulia. Alikuwa dume, mwenye vipembe vifupi. Alitoka upande wa barabara, mzembe kabisa, anajikuna shingo kwenye mti kama mtu asiye na kazi. Eric alicheka kwanza ndipo akapiga. Alidanganya vizuri, hata mwenyewe alishangaa. Rosine alitabasamu. Henriette alitafuna polepole, macho yake kwa mumewe.

"Fanya ile sauti."

"Kula kwanza, Mama Rosine. Itapoa."

"Fanya. Minataka kucheka."

Akapeleka vidole puani. Hakikutoka kitu. Akakohoa, akajaribu tena, na kilichotoka hakikuwa cha funo. Kilikuwa kilio chake mwenyewe, cha mwanaume mzima, na hakuweza kukirudisha. Machozi yalipita juu ya vidole vilivyokuwa bado vimebana pua.

"Dad?" Rosine alisema. "Dad, what's wrong?"

Henriette aliliweka tonge la tatu pembeni mwa sahani.

"Alikuwa na mtoto," alisema. Hakuwa anauliza.

"Njo, alikuwa naye."

"Mulimupata?"

"Tulitafuta. Hatukumupata."

Henriette aligeuka akamwangalia Rosine, nywele zake, shingo yake, mikono yake iliyokuwa imezoea kubeba. Alimwangalia kwa muda ambao Sylvestre hakuweza kuuvumilia.

"Sasa nani anamunyonyesha?" akauliza.

Henriette akakunja kitambaa cha mezani, akafunika sahani vizuri, pembe zote, kama unavyofunika chakula cha mtu ambaye bado yuko njiani. Rosine akaja akapiga magoti kando ya kiti, akaifunua sahani, akakata tonge dogo, akalisogeza kwenye midomo ya mama yake. Tangu ajue kuongea hakuwahi kumjibu mama yake kwa Kiswahili.

"Mama," akasema, "kula. Tafadhali, kula."

"Nimeshiba, mtoto yangu," Henriette alisema. "Nimeshiba."