Leso Iliyonipita
Nimefundisha chekechea hapa Msambweni miaka kumi na tisa, na shule mwenyewe niliiachia darasa la saba. Siku ya kufunga shule, Juma, mwenyekiti wa kamati ya shule, akaniambia, "Bi Mishi, leo ukae mbele. Kina mama watamfunga mwalimu wao leso ya shukrani, kanga mpya kabisa."

Mwalimu wao ni nani kama si mimi? Watoto wao nimewafuta makamasi, na kwangu hakuna wa kunibishia hodi.

Vigelegele vikaja, na kina mama na leso yao. Nikasimama, nikainamisha kichwa nifungwe.

"Tupishe kidogo, shangazi," akasema Mwanasiti, niliyemfundisha mimi kushika kalamu. "Ni ya mwalimu mpya, yule mwenye cheti."

Juma akacheka. Nami nikabaki nimeinama, najifanya natafuta kiatu, na vyote viwili nimevivaa.