Kapasita ya Redio ya Baba

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya redio, nyuma ya soko la Babati, Fundi Mkuu hakunipa kazi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kaa usikilize." Aligonga sufuria kwa bisibisi. "Sauti imeanza kwa kishindo, sasa inafifia. Kwenye kinanda cha umeme, sisi ndio tunapanga sauti ipande kwa muda gani na ife kwa muda gani."

Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, wazazi walipofariki, ili niwalee wadogo zangu.

Miaka ile maduka yalikuwa matupu. Kwaya moja ya kijiji cha Bonga ilituletea kinanda kilichoungua, tukachora upya saketi yake, yaani njia zake za umeme. Ukibonyeza, njia ya umeme inafunguka na kujaza kapasita, ambayo ni kama kidumu cha umeme, sauti inapanda. Ukiachia, kidumu kinamwagika, sauti inafifia. Tulikosa kapasita moja tu.

"Tungoje ya Arusha," alisema Fundi Mkuu. "Iwe ndogo. Kinanda hiki kikiimba, nawe utaitwa fundi."

Sikungoja. Nilifungua redio ya marehemu baba, ile aliyoiwekea alama ya penseli kwenye stesheni yake, nikatoa kapasita. Ilikuwa kubwa. Nikajiambia sauti itapendeza zaidi ikichelewa kufa.

Mdogo wangu Paskalina alinikuta. "Kaka, si ya baba hiyo?"

"Nitairudisha."

Niliilehemu kwenye kinanda. Mazoezini wimbo ulikuwa wa haraka. Noti moja haijafa, nyingine imeshaingia. Kiongozi wa kwaya alicheka mpaka akakaa chini. "Fundi, hiki ni kinanda au ng'ombe kakwama matopeni?"

Fundi Mkuu hakucheka. Aliing'oa kapasita ile kwa koleo, miguu yake ya waya ikakatika. "Nilisema ndogo." Sikuthubutu kumwambia nilikoitoa.

Baadaye niliitwa fundi, na wadogo zangu wote wakasoma. Vipuri vilipopatikana tena nilitengeneza redio za watu; ya nyumbani niliiahirisha kwa aibu. Paskalina alipoolewa kijijini Mutuka, aliondoka nayo ikiwa bubu.

Nilipostaafu nilimfuata, kapasita mpya mfukoni. Nililehemu, redio ikawaka. Tukasogeza mshale hadi kwenye alama ya penseli. Palikuwa na mvumo mtupu. Stesheni ile ilikwisha kuhamia masafa mengine zamani. Nikanyoosha mkono niizime.

"Usiikate ghafla, kaka," alisema Paskalina. "Ipunguze polepole."

Nikazungusha kitufe cha sauti polepole, kadiri vidole vyangu vilivyoweza.